Bunduki ya Mirambo Iliyotoka Liège

"Mwalimu, shikamoo. Njoo uone, tumeipata bunduki ya Mirambo."

Mirambo ni yule mtemi maarufu wa Wanyamwezi wa karne ya 19. Simu hiyo niliipokea asubuhi, chai ikiwa bado ya moto. Aliyepiga ni mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi anauza vipuri vya pikipiki hapa Tabora mjini. Nyumba ya bibi yake iko upande wa Kwihara, si mbali na tembe la Livingstone. Walikuwa wanabomoa jiko la zamani wajenge la matofali ya kuchoma, na juu kwenye uchaga, nyuma ya vibuyu na mizinga mibovu, wakakuta kitu kirefu kimeviringishwa ngozi ya mbuzi iliyokauka mpaka ikawa kama gamba. Ndani yake kulikuwa na gobore.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu, tena kwa ruhusa ya familia, kwa sababu kina karibu kila kosa ninaloliona watu wakilifanya wanapopata silaha ya kale. Na kina mambo ambayo bibi wa nyumba ile aliyafanya sawasawa bila kufundishwa na mtu. Mimi sikusanyi silaha. Kwa miaka mingi nimekusanya alama zilizogongwa kwenye silaha hizo: nazichora, nazipima, naandika zilipoonekana na aliyeniambia habari zake.

Nilipofika, gobore lilikuwa limelazwa juu ya mkeka chini ya mwembe. Watoto walikuwa wamelizunguka, na mmoja alikuwa ametoka kulipachika begani apigwe picha. Mdomo wa mtutu ulielekea kisimani, na kisimani walikuwapo wanawake wawili wanateka maji.

Hapo hata salamu sikuzimaliza. Niliwaomba wote wahamie nyuma ya nyumba, nikavunja kijiti kirefu kilichonyooka cha mti mbichi. Nilisimama pembeni, mwili wangu mbali na mdomo wa mtutu, nikakiingiza kijiti taratibu mpaka kikagota, nikakwaruza alama kwa ukucha pale kinapotokea. Kisha nikakitoa na kukilaza juu ya mtutu kwa nje, alama yangu ikae sawa na mdomo. Katika gobore tupu, ncha ya kijiti ingefika kwenye tundu dogo la moto, pale ubavuni ambapo cheche huingia kuiwasha baruti. Ncha yangu iliishia vidole vinne kabla ya tundu.

Vidole vinne vya kitu kimekaa mle ndani. Gobore lilikuwa limeshindiliwa.

Watu hudhani baruti ya zamani imekufa kwa uzee. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, na ikikaa kavu haipotezi nguvu kwa miaka tu kupita. Uchaga ulio juu ya moto wa kila siku ni mahali pakavu kuliko pote katika nyumba. Mtoto yule aliyepigwa picha alikuwa ameshika kitu kilichosubiri cheche, na hakuna aliyejua aliyekishindilia ni nani wala lini.

Nikamwambia kijana ampigie mwenyekiti wa kitongoji, na mwenyekiti awapigie polisi. Uso ulimbadilika. Alikuwa na jambo hajaniambia.

Jambo lenyewe lilikuwa dalali. Usiku uliotangulia kijana alituma picha kwa mtu mjini, na jibu likaja kabla ya alfajiri: milioni nne kama ni bunduki ya Mirambo kweli, laki mbili kama ni gobore la kawaida. Ukiyasoma maneno hayo polepole utaona bei imewekwa juu ya masimulizi, si juu ya chuma. Na kijana, ili mnunuzi aje akute kitu safi, alikuwa amechukua msasa wa dukani kwake akaanza kuusugua mtutu. Katikati ya mtutu palikuwa na shubiri moja inang'aa kama kijiko kipya, iliyobaki yote ikiwa nyeusi kwa moshi na rangi ya kahawia ya uzee wake.

Pale palipong'aa nilipatazama kwa uchungu. Rangi ile ya kahawia huchukua miaka mingi kujijenga, na ikiondoka hairudi. Kibaya zaidi ni kwamba mkono wake ulikuwa unarudi nyuma, kuelekea kwenye mtambo wa kufyatulia, mahali ambapo viwanda hugonga alama. Angekuwa na nusu saa zaidi kabla ya kwenda kulala, kisa hiki kisingekuwa na mwisho.

Kuhusu sheria nitasema kwa kifupi, maana wengi wanaamini gobore si silaha. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, bunduki inataka kibali, na urithi peke yake si kibali. Kumuuzia dalali ni kuongeza kosa juu ya kosa. Serikali hutangaza mara kwa mara vipindi vya msamaha vya kusalimisha silaha kwa hiari, lakini hata nje ya vipindi hivyo njia salama ni kuita viongozi waje silaha ilipo, kuliko kuipakia kwenye bodaboda na kuipeleka kituoni. Wengine hutegemea kwamba kitu cha kale kitalindwa chenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa na mikono ya watu kabla ya mwaka 1863. Kitu cha baada ya hapo kinahitaji mtu wa kukitetea, na mtetezi lazima ajue anatetea nini.

Basi, tukiwa tunawasubiri polisi, nikaisoma bunduki bila kuinyanyua. Nilikuwa na tochi, lenzi ya kukuzia na kitambaa kikavu cha pamba.

Lilikuwa gobore la gumegume, yaani la jiwe: kinyundo kina taya mbili za kubana kipande cha jiwe, na mbele yake kipo kisahani cha baruti. Kwenye bamba la mtambo palikuwa na taji, na chini yake neno TOWER. Dalali alikuwa ameliona neno hilo kwenye picha akaandika kwamba bunduki ni ya Kiingereza, ya jeshi la malkia, na kwamba lazima ilikuja na msafara wa Stanley. Si ajabu kudanganyika. Bunduki za jeshi la Uingereza zilizopita kwenye ghala la Tower huko London ziligongwa kweli neno hilo, na kwa kuwa wanunuzi wa Afrika walizoea kuliamini, mafundi wa Birmingham na wa Ubelgiji wakaligonga kwenye magobore ya biashara ambayo hayakuwahi kuiona hiyo Tower. Neno lililokuwa alama ya ghala likageuka kuwa mapambo ya kuuzia.

Ukweli ulikuwa kwenye mtutu. Ubavuni kushoto, karibu kabisa na mwisho wake, chini ya masizi, kulikuwa na alama isiyozidi punje ya mchele. Nilipangusa kwa kitambaa, nikapuliza, nikaweka tochi ubavu mwanga uje kwa mlalo. Likatokea umbo la yai. Ndani yake herufi E juu, L na G chini yake, na nyota. Juu ya yai, taji dogo.

Alama hiyo ni ya nyumba ya majaribio ya mitutu katika mji wa Liège, Ubelgiji. Mtutu uliotengenezwa pale ulipaswa kujazwa baruti nyingi kuliko kawaida na kupigwa, ukistahimili unagongwa mhuri. Yai lenye ELG na nyota lilianza kutumika katikati ya karne ya 19. Taji juu ya yai halikuwapo mwanzoni. Liliongezwa mwaka 1893.

Nilirudi kulitazama taji lile mara tano. Nilikwangua kwa kijiti cha kuchokolea meno, nikijua kwamba uchafu unaweza kuchora chochote. Likabaki taji.

Mtemi Mirambo alifariki Desemba 1884. Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye naye hutajwa sana kila gobore linapookotwa Tabora, alikufa Januari 1893, alipoilipua ghala yake ya baruti kuliko kuangukia mikononi mwa Wajerumani wa Tom von Prince waliokwisha kuingia ngomeni mwake. Mtutu uliogongwa taji hilo haukuwa umezaliwa wakati wa yeyote kati yao. Ruga-ruga, yaani wapiganaji wa Mirambo, walibeba magobore yanayofanana na hili kwa sura, hilo ni kweli, na ndiyo sababu sura haitoshi kuwa ushahidi.

Kijana alinipinga, na alinipinga vizuri. "Mwalimu, je, kama mtutu ulibadilishwa? Mtambo wa Mirambo, mtutu wa baadaye?" Swali hilo kila msomaji wa silaha anapaswa kujiuliza mwenyewe kabla hajaulizwa. Mafundi wetu walibadilisha mitutu, wakakata, wakaunga. Nikatazama tundu la moto lilivyokaa mbele ya kisahani: katikati kabisa, bila dalili ya tundu la zamani kuzibwa. Mti wa kitako ulikuwa umechongwa kuufuata mtutu huohuo, bila pengo na bila kabari. Pini za kushikilia mtutu zilikuwa na kutu sawa na mti uliozizunguka, hazijapata kung'olewa. Vitu hivi vitatu vilizaliwa pamoja. Mtambo ulioandikwa TOWER ulikuwa umetoka kulekule ulikotoka mtutu.

Kwa nini Wabelgiji waendelee kutengeneza bunduki za jiwe wakati majeshi yao yalikwisha kuziacha zamani? Jibu ni mkataba. Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na biashara hiyo kweli ilitegemea bunduki. Lakini mkataba uliacha mlango mmoja wazi: gobore la jiwe lisilo na mifuo ndani ya mtutu, yaani ile mitaro ya kuizungusha risasi, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa hiyo mikononi mwa mtawala ikabaki bunduki ya kupiga mbali, na kwa mwananchi ikaruhusiwa ile ya babu yake, mpya kutoka kiwandani. Gobore la Kwihara ni mtoto wa mlango ule. Kwangu mimi jambo hilo linalipa uzito ambao jina la Mirambo lisingeweza kulipa.

Kijana hakuona hivyo. "Basi tumepoteza milioni nne," akasema, akaenda kuketi kwenye kizingiti.

Bibi alikuwa kimya muda wote. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, akinisikiliza kama anavyosikiliza mtu anayejua mwisho wa hadithi. Ndipo akamwita mjukuu wake. "Ulimuuliza nani habari za bunduki hii? Wajomba zako. Mimi niliyekaa na baba yangu hukuniuliza."

Akatusimulia. Gobore lilikuwa la baba yake, aliyelinunua kwa nta ya nyuki kwa mfanyabiashara, kabla yeye bibi hajazaliwa. Kazi yake ilikuwa ngedere na nguruwe pori katika shamba la mahindi. Jina la Mirambo lilikuja baadaye, watoto walipoanza shule, wakaona kambi ya jeshi na sekondari vimepewa jina la mtemi, nao wakataka la kwao la kujivunia. Mzee hakuwakatalia. "Alikuwa na bunduki nyingine asiyopenda kuisema," bibi akamalizia, huku akitoa ugoro wake.

Ugoro ulikuwa ndani ya ganda la risasi.

Ganda la shaba nyeupe-njano, limelainika kwa kushikwa, mdomo umezibwa kwa kizibo cha kitambaa. Niliomba kulishika kwa mikono miwili, kama inavyostahili kupokea kitu cha mkubwa. Nikalipima kwa rula: milimita 60, au pungufu kidogo sana, na mdomo wa kupokea risasi ya milimita 11. Chini lina ukingo uliojitokeza nje. Watu wa fani hii wakisikia vipimo hivyo hukimbilia jina moja, Mauser ya mwaka 1871. Nami nilikimbilia hapohapo, kisha nikajizuia, kwa sababu ganda la bunduki ya Gras ya Ufaransa linakaribiana nalo mno kwa urefu na upana, na bunduki za Gras nazo zilitapakaa Afrika Mashariki. Cha kuamua ni maandishi ya kitakoni mwa ganda, na hayo vidole vya watu wawili, baba na binti, vilikuwa vimeyafuta.

Nikamuuliza bibi baba yake aliiitaje bunduki hiyo nyingine.

"Ile ya moshi."

Hapo ndipo nilipofungua daftari ukurasa mpya. Mauser ya 1871 ndiyo bunduki ya kwanza ya ndugu Paul na Wilhelm Mauser kukubaliwa na jeshi la Ujerumani. Inaingizwa risasi moja, inafyatuliwa, inafunguliwa, inaingizwa nyingine. Risasi yake ya plumbamu ina uzito wa gramu 25, na inasukumwa na gramu 5 za baruti nyeusi. Ujerumani yenyewe iliiacha, mwaka 1898 ikapokea Mauser nyingine ya risasi tano, inayotumia baruti isiyo na moshi. Hizo za zamani hazikutupwa. Nyingi zikaletwa huku. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, kombania nyingi za askari weusi wa Ujerumani zilikuwa bado zinabeba aina ya 1871. Ukipiga mara moja, wingu jeupe linakaa juu ya kichwa chako, na adui aliye mbali akiona wingu anajua pa kulenga.

Silaha mpya zilikuja kwa kuvizia. Meli Rubens, iliyojibandika jina la Kronborg ikajifanya ya Denmark, ilifika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga mwezi Aprili 1915, ikapigwa na Waingereza, lakini sehemu kubwa ya shehena ikaokolewa majini. Ya pili, Marie, ilifika Sudi upande wa Lindi Machi 1916. Bunduki zilizoletwa hazikumfikia kila askari.

Baba yake bibi alikuwa mmoja wa waliobaki na moshi. Kwa masimulizi yake alikuwa kwenye kikosi kilichoilinda Tabora chini ya Jenerali Wahle. Wabelgiji walikuja kwa njia mbili: kutoka Kigoma, waliyoitwaa mwishoni mwa Julai 1916 (siku hizohizo Wajerumani waliizamisha wenyewe meli Graf von Götzen, ambayo leo tunaiita Liemba), na kutoka kaskazini. Septemba wakapigana Usoke, Lulanguru, Itaga. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora, na kamanda wao Tombeur baadaye akapewa cheo cha heshima chenye jina la mji wetu ndani yake. Wahle akaondoka na watu wake kuelekea kusini mashariki. Baba yake bibi hakwenda. Baada ya Itaga aliiegemeza bunduki kwenye mti, akavua nguo za jeshi, akajifunga shuka, akatembea usiku mpaka kwao. Mfukoni alibaki na ganda moja.

"Alisema mwenzake wa kulia na wa kushoto waliuawa kwa sababu ya ule moshi," bibi akasema. "Yeye alikuwa anapiga, anabingirika, anapiga, anabingirika. Sisi watoto tukicheka anavyobingirika uani, naye anacheka, halafu ananyamaza siku nzima."

Kupiga na kubingirika. Mtu aliyekuwa na bunduki isiyo na moshi hana sababu ya kubingirika kila apigapo. Siwezi kuandika kwamba ganda hili ni la Mauser kwa hakika ya maandishi, lakini mwili wa mzee yule, ukikumbuka uani mbele ya watoto, umenisogeza karibu kuliko rula.

Polisi walifika jioni, wakaweka ulinzi, na siku ya tatu akaja fundi wao wa silaha. Alifanya kazi yake bila haraka. Maji yalimiminwa mtutuni, yakaachwa yaloweshe, ndipo akavuta kilichokuwamo kwa chuma chenye ncha ya kuzunguka kilichofungwa kwenye mdeki, ule ufito wa kushindilia. Kwanza likatoka bonge la nyuzi za gome la mti. Kisha vichwa vya misumari saba, pete ya jembe iliyovunjwa vipande, na goroli mbili za risasi. Mwisho ukatoka uji mweusi wa baruti. Nikamtazama kijana. Hakuna askari wa zama zozote anayeshindilia pete ya jembe kwenda vitani akiwa na la kuchagua. Hiyo ilikuwa dawa ya ngedere, kama bibi alivyosema, na ilikuwa imekaa mle tangu mzee alipoiweka mara ya mwisho.

Gobore likaenda kituoni kwa hati ya kupokelewa. Tumeomba kwa maandishi lisiyeyushwe wala kuharibiwa, lihifadhiwe kwa ajili ya makumbusho, na kwenye barua tumebandika picha za alama, vipimo, orodha ya kilichotoka mtutuni, na masimulizi ya bibi kwa maneno yake mwenyewe, huku jina la baba yake likitangulia. Barua iliandikwa na kijana. Msasa ameutaja pia, urefu wa shubiri moja na mahali ulipopita, ili mtu atakayekuja baadaye asidhani mng'ao ule ni wa kiwandani. Jibu bado hatujalipata. Likikubaliwa, nitaomba mtambo ufunguliwe mbele yangu, kwa kuwa mafundi wa Liège walizoea kuacha alama zao upande wa ndani wa bamba, na huenda jina la mtu aliyelifua limo.

Ganda tulilionyesha polisi pia. Ofisa alilipokea, akaligeuza, akachungulia ndani, akapiga chafya, akamrudishia mwenyewe. Nilimwomba bibi aniachie siku mbili nilisafishe, pengine herufi za kitakoni zingesomeka chini ya mwanga mzuri. Alinitazama kama anatazama mtoto aliyeomba kisu.

"Ugoro wangu nitauweka wapi?"

Akaumimina wote kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, akanipa ganda kwa mkono wa kulia, akaniambia nitazame hapohapo. Nikaligeuza juani. Niliona mstari mmoja uliopinda, labda sehemu ya herufi, labda mkwaruzo. Nikauchora kama ulivyo, nikamrudishia, naye akaujaza tena ugoro wake punje kwa punje.